Mstari Uliobaki Kwenye Skrini

Nianze na kujisifu, maana baadaye sitapata nafasi. Nilikuwa fundi wa kukopi. Miaka ile ya soko huria, kila mwenye mtaji kidogo alipokuwa anafungua duka Songea mjini, alikuja mfanyabiashara mmoja kutoka pwani, akapanga chumba karibu na stendi, akaweka kompyuta nne na kuandika ukutani kwa rangi nyekundu: INTANETI, BARUA PEPE, KUCHAPA. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na cheti cha kozi ya kompyuta ya mwezi mmoja, tena jina langu limekosewa. Akanichukua hivyohivyo.

Utaratibu wetu ulikuwa wa ajabu kidogo, na vijana wa leo nikiwasimulia wanacheka mpaka wanakohoa. Ili intaneti ipatikane, simu ya mezani ilipigwa mpaka Dar es Salaam, na kila dakika iliyopita bosi aliisikia mwilini. Kwa hiyo mteja hakuruhusiwa kukaa anasomasoma kama yuko sebuleni kwao. Alinipa kikaratasi chenye anwani na neno lake la siri. Ndiyo, neno la siri, tulikuwa tunapeana kama tunavyoombana chumvi, msinicheke. Mimi nafungua barua yake, nakopi yote, napesti kwenye ukurasa wa kuandikia, nakata simu. Kusoma ni baada ya simu kukatwa. Bosi alikuwa anasimama nyuma ya kiti changu akihimiza, "Fungua, beba, kata! Utasoma ukishakata, binti."

Kwa asiyejua: ukiyakopi maneno, yanaingia mahali fulani ndani ya mashine usipopaona, yanakaa yakisubiri uyamwage kwingine. Sisi tulipaita mfukoni. Mfuko wenyewe unabeba kitu kimoja tu. Ukiingiza kipya, cha zamani kimekwenda na maji.

Sasa, kompyuta tatu zilikuwa na brauza mpya, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Ya nne ilikuwa imechoka, haikuiweza, ikabaki na brauza ya zamani ya kampuni nyingine kabisa. Ile mpya tuliiita Bibi Harusi, hii ya zamani tukaiita Mzee. Bibi Harusi hatembei bila mapambo. Ukikopi kwake barua ya mistari mitatu, anakuja na rangi, herufi nene, majedwali, picha, na tangazo la saa za mkononi ambalo hakuna aliyeliomba. Mara moja nilimchapia katekista mmoja tafakari ya Kwaresima, ikatoka na mwanamke amevaa nguo ya kuogelea pembeni. Maskini baba wa watu aliikunja mara nne akaiweka kwenye koti, akaondoka. Na wino wa printa ulitoka Dar kwa basi, kwa hiyo kila picha ya namna hiyo ilimtia bosi homa.

Mzee hakuwa na makuu. Yeye alibeba maneno matupu. Herufi nene zinakuwa za kawaida, rangi inabaki kulekule, jedwali linavunjika na majina yanagongana na namba, nami nayapanga upya kwa mkono. Halafu alikuwa na tabia ya kununa. Kurasa nyingine zilikuwa na kitufe cha kubonyeza ili maneno yakopiwe yenyewe. Kwa Bibi Harusi kitufe kinafanya kazi. Kwa Mzee unakibonyeza, hakijibu, hakikuambii kwamba kimekataa, na ukija kupesti unamwaga kilichokuwa mfukoni tangu mteja aliyepita. Hivyo ndivyo mwalimu mmoja wa Lizaboni alivyopokea, badala ya fomu yake ya kuomba kozi, barua ya mnunuzi wa vito wa Tunduru akimsifia mwenzake jiwe. Tulicheka siku ile, jamani. Mwalimu mwenyewe alicheka.

Baada ya hapo nikajifunza kutotumia vitufe. Nikajiona nimemweza Mzee. Mtu akileta ukurasa mrefu, orodha ya majina au matokeo, bosi mwenyewe alikuwa anasema, "Mpeleke kwa Mzee, tusimalize wino." Nampeleka, nayakamata maneno yote kwa vidole viwili kwenye kibodi, nakata simu, napanga safu zangu kwa utulivu. Kazi yangu ilikuwa inatoka safi kuliko ukurasa wenyewe. Watu waliniuliza kama nimesomea Nairobi.

Mdogo wangu alikuwa na akili kunizidi, na nasema hivyo bila wivu, wivu umeshaniishia. Baba alifariki tukiwa shule ya msingi. Mama alitulea Matogoro, kwa shamba la mahindi na maharage na nguruwe wawili watatu. Mimi nilifaulu kwa kujikokota, yeye alifaulu. Akaomba sehemu mbili: chuo cha ualimu hapa hapa Songea, na chuo kimoja cha uuguzi mkoa wa mbali. Ualimu wakamjibu upesi, nafasi ipo, aripoti baada ya wiki tatu. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye uuguzi. Alikuwa ameshaanza kujishonea kofia nyeupe, mtoto mwenye wazimu yule, anaivaa jikoni akikoroga uji na kumwambia mama, "Mgonjwa, umekunywa dawa?"

Chuo cha uuguzi kilitoa majina kwenye intaneti. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, wateja wamejaa kwenye benchi, bosi yuko nyuma yangu. Nikafungua ukurasa kwa Mzee kwa sababu ulikuwa mrefu. Juu kabisa niliona maneno "Orodha iliyorekebishwa". Nikasema moyoni, vizuri, hii ndiyo ya mwisho. Nikakamata yote, nikakopi, nikapesti, nikakata simu. Sikushuka kuyatazama majina kwenye ukurasa wenyewe. Utasoma ukishakata, binti.

Nikasoma kwenye kazi yangu safi. Jina lake lilikuwa la arobaini na kitu, limeandikwa sawasawa, hata la baba halijakosewa. Nilipiga kelele, wateja wakashtuka. Nikalifanya jina lake herufi nene, kwa mkono wangu mwenyewe, nikachapa nakala mbili na kufunga kazi kabla ya wakati. Bosi hakukataa. Alisema, "Mashallah, mpelekee mama yako," na siku ile akanisindikiza mpaka mlangoni.

Mama alipoiona ile karatasi aliitazama kwanza juu chini, kwa sababu hakuwa na miwani, halafu akaniambia nimsomee, nikamsomea, akaniambia nimsomee tena. Kesho yake asubuhi alimkalisha mdogo wangu akamwambia aandike barua chuo cha ualimu, awashukuru na kuwaachia nafasi yao. Mdogo wangu alitaka kungoja kidogo. Mama akamwambia, "Ya nini kukalia nafasi mbili? Kuna mtoto wa mwenzangu anasubiri hiyo. Andika." Aliandika. Mama mwenyewe akaipeleka kwa miguu, akampa mkuu wa chuo mkononi, na mkuu akamwambia ni wazazi wachache wanaofanya uungwana huo. Aliporudi alikuwa amefurahi sana, akapika kuku.

Wiki iliyofuata tukampandisha basi la alfajiri na tranka lake la bati. Sitaeleza tulivyolia.

Alirudi siku ya sita. Mimi nilikuwa nyumbani, ilikuwa Jumapili mchana, nafua. Nikaona mtu anapanda njia amebeba tranka kichwani, nikasema yule anafanana na mdogo wangu, kumbe ndiye. Alilitua tranka mlangoni, akakaa juu yake. Midomo ilikuwa imempasuka kwa vumbi. Mama akatoka jikoni, hakumsalimia wala nini, akauliza tu, "Kuna nini?"

"Hawana jina langu," akasema. "Wanalo, lakini limepigwa mstari. Msajili kanionyesha. Anasema fomu yangu ya daktari haikuwafikia, wakanikata wakamweka mwingine. Nimemwonyesha karatasi ya dada, ameiangalia, ameniuliza nimeitoa wapi."

Mimi ndiye niliyeanza. Sikungoja hata anywe maji. Nikasema, "Wamekula rushwa hao! Wameuza nafasi yako! Karatasi imetoka kwenye intaneti, mimi mwenyewe nimeichapa, mstari huo wameupiga jana!" Na nani angebisha? Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa, na kisichouzwa tuliamini kimeuzwa. Mama akapiga ukunga. Majirani wakaja. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa unamjua msajili yule kwa ubaya, na hakuna aliyewahi kumwona.

Jumatatu nikaingia kazini na hasira zangu. Nilitaka kuchapa ule ukurasa tena, niwe na ushahidi. Kompyuta ya Mzee ilikuwa na mtu, kwa hiyo nikafungua kwa Bibi Harusi. Safari hii nilishuka taratibu na majina. Kulikuwa na mistari. Majina saba au manane yamepigwa mstari katikati, na chini kabisa kuna majina saba au manane mengine ya nyongeza. La mdogo wangu lilikuwa na mstari. Ukurasa ulikuwa uleule niliofungua Jumanne ile, haujaguswa, tarehe yake imeandikwa chini, na ilikuwa ya kabla hata sijauchapa.

Nilikopi kwa Bibi Harusi, nikapesti. Mistari ikaja yote. Mtu wa kompyuta ya nne alipoinuka nikakaa kwa Mzee, nikakopi, nikapesti. Majina yakaja, mistari ikabaki kwenye skrini. Nikarudia. Nikarudia tena. Mzee alikuwa anabeba maneno matupu, na mstari si neno. Miezi yote ile nilijua kwamba anaacha rangi, anaacha unene wa herufi, anaacha picha, na nilimsifia kwa hilo. Haikunijia akilini kwamba kuna siku kitakachoachwa ndicho chenye habari yenyewe. Mjinga mimi! Ningeshusha macho nusu dakika tu kabla ya kukata simu.

Bosi akaniuliza, "Vipi, binti, umeona jini?" Nikamwambia kichwa kinaniuma. Mwezi uliotangulia alikuwa amemfukuza mwenzangu kwa kumchapia mtu wa halmashauri barua yenye kurasa zilizopinduka. Alimfukuza mbele ya wateja, akimwambia duka lake linaishi kwa jina. Nikafuta nilichokuwa nimepesti. Nikasema nitawaambia nyumbani jioni, nikishapata maneno. Jioni nilimkuta mama anawaeleza wageni jinsi nafasi ilivyouzwa, na mdogo wangu amelala amegeukia ukuta. Nikala ugali, nikalala.

Jumatano mama alikwenda chuo cha ualimu. Hakutuaga, alijitanda khanga akaenda. Mchana akaja kazini kwangu, mara ya kwanza na ya mwisho kukanyaga pale. Akamsalimu bosi, bosi akainuka akamwamkia shikamoo na kumpa kiti, lakini hakukaa. Akanivuta mpaka barazani.

"Mkuu wa chuo ni mtu," akaniambia, anahema. "Nafasi ya mdogo wako haijajazwa. Yule wa akiba hajaripoti. Anasema anaweza kumrudisha mpaka Jumamosi, ila hawezi kumpokea mtu aliyewakataa halafu akafukuzwa kwingine, wakubwa wake watamuuliza. Anasema labda waliochapa orodha walikosea, mambo ya mashine. Kama walikosea, waandike karatasi tu, wapige muhuri, waseme mtoto alipewa orodha yenye makosa. Basi. Nikamwambia aliyechapa ni mwanangu. Akasema, vizuri, kamuulize."

Akanitazama. "Nakuuliza. Mlikosea?"

Muhuri ulikuwa mezani kwa bosi, hatua sita kutoka pale tuliposimama. Bosi alikuwa ndani anatusikiliza, au mimi nilidhani anatusikiliza. Benchi limejaa, na mwalimu wa Lizaboni yupo, yuleyule aliyenicheka. Karatasi yenyewe ni mistari mitatu, ningeiandika kabla mama hajamaliza kujifuta jasho.

"Hatukukosea, mama," nikasema. "Imetoka kama ilivyo. Hao ni wezi tu."

Mama akatikisa kichwa. "Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia mwanangu hakosei." Akashuka ngazi akaenda zake. Nikarudi kwenye kiti, nikampokea mteja aliyefuata.

Alhamisi nikajiambia nitasema. Ijumaa nikajiambia nitasema. Jumamosi ikapita, na ilipopita, Mungu anisamehe, nilijisikia nimepumzika.

Mdogo wangu alikaa nyumbani miezi kadhaa, hataki kutoka. Kofia sikuiona tena na sikuiuliza. Wakati wa kuomba vyuo ulipofika tena hakuomba. Nilimletea fomu mwenyewe, akaniambia, "Niombe ili wauze tena? Wewe si ndiye uliyesema?" Mtu akimwambia aombe ualimu tu, alisema ataomba kwa nani, waliomwita aliwakataa kwa barua. Ile hasira niliyoianzisha mimi siku ya kwanza ilimwingia akaifanya nguzo. Kisha akapata kazi Tunduru, kuwapikia wanunuzi wa vito kwenye nyumba moja ya wageni. Mama alimkataza, akaenda. Barua zikawa zinakuja kwa watu wa mabasi, kwanza kila mwezi, baadaye kwa msimu. Mara akaandika kwamba ana mchumba, mara mchumba hayupo.

Alirudishwa mwaka wa nne, amelazwa kiti cha nyuma cha basi. Nilimbeba kutoka stendi nikadhani nimebeba mtoto. Ugonjwa wake kila mtu aliujua, na hakuna aliyeutaja. Mimi niliacha kazi nikamuuguza. Usiniambie nina moyo mwema, sikuacha kwa moyo mwema.

Nilimwambia mchana mmoja tumekaa nje ya nyumba, tunamenya maharage mabichi. Alikuwa na nguvu kidogo siku ile, ndiyo maana nikaona nisingoje. Nikamweleza yote, Mzee na Bibi Harusi, maneno yanayobebwa na mstari usiobebwa. Alisikiliza huku anamenya. Nilipofika mwisho akauliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Kwa hiyo hawakuniuza?"

"Hawakukuuza."

"Na ulijua lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa kuliko Mungu. Ningeweza kumwambia mwaka jana, au mwezi jana, asingejua. "Jumatatu," nikasema. "Kesho yake uliporudi."

Akaacha kumenya. Niliona anahesabu siku. "Mama alikwenda kwa mkuu wa ualimu Jumatano," akasema. "Akapitia kwako."

"Ndiyo."

"Kuomba karatasi."

Nilitaka anipige, nilitaka anitukane, apige kelele mtaa mzima uje. Niliinama kabisa, kichwa kiko karibu na magoti yake. Hakunigusa. Alichukua ganda jingine la maharage akalipasua, akamimina mbegu kwenye ungo, na mikono yake ilikuwa mifupa mitupu.

"Usimwambie mama," akasema.

Nikamwambia nitamwambia, jioni hiihii nitamwambia, nimechoka.

"Husikii? Mimi naondoka. Mama atabaki na nani? Atabaki na wewe. Ukimwambia atakuwa hana mtoto hata mmoja." Halafu akaniomba nimwingize ndani, jua lilikuwa linamuumiza macho.

Alikufa wiki tatu baadaye. Mama aliishi miaka mingine kumi na zaidi, nami nikaishi naye, nampikia, namwogesha alipoacha kujiweza. Kila alipomkumbuka mdogo wangu alimlaani msajili wa chuo kile cha uuguzi, mtu ambaye hakuwa na kosa lolote, kwamba yeye na kizazi chake wasipate mtoto wa kuwazika. Siku ya mwisho alimlaani pia, sauti imeshakuwa ndogo, halafu akanishika mkono akawaambia waliokuwepo kwamba Mungu alimwachia mtoto mmoja ambaye hajawahi kumdanganya.